Mwami Hataki Sumu

Ndugu yangu, kama umeoa Kasulu utanielewa bila maelezo marefu. Kama hujaoa Kasulu, nivumilie, utaelewa tukifika kwenye bata. Kuna watu wanaozunguka vijijini wakisema kwamba kuzuia wadudu bustanini bila sumu za dukani ni njia nafuu. Nafuu kwa nani? Sumu ya dukani unainunua, unapulizia, unanawa, unarudi kwenye cherehani yako. Njia ya asili inakutaka wewe, mkeo, watoto wote, shemeji yako na mama mkwe wako, na hao wote wana maoni.

Tunakaa Mtendeli. Mgeni akisikia jina hilo anauliza kambi ya wakimbizi. Naam, kambi ilikuwapo. Ilifunguliwa tena 2016 kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi, na mwishoni mwa 2021 ikafungwa, watu wakahamishiwa Nduta. Sisi tulikuwapo kabla, na bado tupo. Kiserikali tuko Wilaya ya Kakonko, ingawa mama mkwe wangu hajaikubali Kakonko mpaka leo. Kwake tuko Kibondo, na hayo mambo ya kugawa wilaya ni ya watu wenye makaratasi.

Huyo mama mkwe nitamwita Mwami. Jina nimempa mwenyewe na silitamki akiwa ndani ya uzio. Anatoka Heru, huko Kasulu, alikotawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekuwa chifu kabla ya uhuru, na ukiona mama mkwe alivyokalia kiti changu cha kibarazani utadhani kiti cha enzi kilipitia kwake. Alikuja kumsaidia binti yake kujifungua. Mtoto aliyezaliwa sasa anakimbia, anapanda mipapai, anaiba nyanya mbichi akiwa uchi, na tumekwisha kumpa jina la Kiwavi. Mwami hajaondoka. Kila nikiuliza kwa adabu kama huko Heru shamba halijaota majani, ananijibu kwamba shamba lina wenyewe.

Mke wangu ni Meneja. Mdogo wake wa kiume ni Injinia. Alisomea umeme wa magari kule Kigoma mjini, masomo yakaishia njiani, cheo kikabaki. Binti yangu mkubwa, wa darasa la sita, ni Hakimu, maana hakubali neno bila ushahidi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kibarazani, na hapo ndipo balaa lilipo. Mwanaume anayefanya kazi nyumbani anahesabika hana kazi. Kikitakiwa cha kubeba, kuchota, kuponda au kukimbiza, jina linaloitwa ni Baba Watoto.

Yote haya yalianza na chainizi. Majani yalijikunja, ukiyafunua unakuta vidukari wamejazana chini yake, wa kijani, wanene, wanafyonza utomvu bila haraka, na sisimizi wakipanda na kushuka kuwalinda kwa sababu ya ule utamu wanaotoa nyuma. Nikasema nitapita duka la pembejeo nikirudi sokoni. Meneja hakunijibu. Alimnyanyua Kiwavi, ambaye mdomoni alikuwa na jani la chainizi lenye vidukari wake, akamsimamisha mbele yangu.

"Huyu utamwambia angoje siku ngapi?"

Hapo alinishika. Chupa za sumu zina mkanda wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kisha njano, bluu, halafu kijani. Kibandiko hichohicho kinakuambia usubiri siku kadhaa tangu kupulizia mpaka kuvuna. Kiwavi hajui kusoma, na hata angejua asingesubiri. Kisha ukatoka ujumbe kwa Mzee Mzinga, baba mdogo wa Meneja, mwenye mizinga yake huko kwenye miombo. Nyuki wake huja kwenye maua ya maboga yetu. Alituma mtu aseme kwamba wakifa, asali ya nyumba hii imekwisha. Asali ya Kibondo huijui wewe, ndugu yangu. Mimi huila na muhogo wa kuchemsha asubuhi, na ndiyo starehe pekee ambayo bado haijapigiwa kura. Mwami akafunga kikao: hataki sumu. Tukaingia vitani mikono mitupu.

Shambulio la kwanza liliongozwa na Injinia. Alichukua pilipili kichaa na vitunguu saumu, akavitwanga, akaloweka usiku kucha, akachuja, akatia maji ya sabuni ya kipande, akajaza bomba la mgongoni alilokodi kwa hela yangu. Nikiri kwamba ilifanya kazi. Sabuni huwaharibia vidukari ile nta ya ngozini na kuwaziba pumzi, mradi uwapate chini ya majani walikojificha, na pilipili huwakatisha tamaa waliobaki. Tatizo lilikuwa kinu. Nyumba hii ina kinu kimoja. Injinia alikisuuza kwa maji ya juujuu, na kesho yake Meneja akatwangia kisamvu.

Siku hiyo Mzee Mzinga alikuwa mgeni wetu. Mtu aliyezoea kuumwa na nyuki hashtuki upesi. Alitia tonge la kwanza, akatafuna, akatulia. Tonge la pili akavua kofia. Mwami alikula sahani yote bila kubadilisha uso, machozi yakimtiririka, kwa sababu Heru hawalii mbele ya wakwe. Alipomaliza alisema jambo moja tu, kwamba Injinia asiguse tena kinu cha nyumba hii. Mimi, ambaye sikuwa nimetuhumiwa, nikaomba na mimi niingizwe kwenye marufuku hiyo. Ombi likakataliwa.

Basi tukafika kwenye kabeji, na hapa naomba usogee karibu maana sauti itakuwa ndogo. Miche ya kabeji ikiwa kitaluni ina adui mmoja mdogo sana, nondo wa kijivu, hata ukucha wako ni mkubwa kwake. Huja jioni na usiku, hutaga kwenye majani, na viwavi wake hutoboa jani mpaka libaki dirisha. Dawa yake nzuri ni kumzuia asifike: unafunika kitalu kwa wavu wenye matundu madogo kuliko yeye. Injinia alisoma haya kwenye simu akamsimulia dada yake. Meneja akaangalia nyumba nzima kwa macho ya mtu anayetafuta wavu. Chandarua kilinusurika, kwa sababu malaria huku haina mchezo na wahudumu wa afya wamekwisha kututia adabu. Macho yakaja kibarazani kwangu, yakatua juu ya kitambaa cheupe cha shela ya bibi harusi wa Kasanda.

Mimi nilikuwa nimelala. Naomba hilo liandikwe. Niliamka nikakuta kitalu kimevaa shela, imetandazwa juu ya fito zilizopindwa, pembeni imekandamizwa na udongo, umande umeilowesha, inameta. Nilisimama pale nikiwa sina la kusema. Meneja akaniambia kwa upole kwamba ni kwa siku chache tu, na kwamba harusi bado.

Harusi ilikuwa bado, ila bibi harusi alikuja kujipima. Alikuja na shangazi yake.

"Fundi, naomba nione shela imefikia wapi."

Nikaanza habari za mvua. Nikauliza hali ya barabara ya Kasanda. Hakimu, aliyekuwa akifagia, akainua uso akasema, "Iko kwenye kabeji." Huyu mtoto nimemlea mwenyewe.

Kilichotuokoa ni Mwami. Aliinuka kwenye kiti changu, akapiga makofi ya taratibu kama desturi ya Buha inavyotaka, akamwamkia shangazi salamu ndefu yenye kuulizia watu, ng'ombe na mihogo, kisha akamshika bibi harusi mkono akampeleka kitaluni. Akamwonyesha miche. Haikuwa na tundu hata moja, nalisema kwa uchungu. Akamwambia kwamba kitambaa kilicholinda vitu vichanga namna hii, mwenye kukivaa nyumba yake itajaa watoto. Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Shela ilifuliwa, ikaanikwa, ikabaki na kivuli cha kijani kwenye pindo moja ambacho nilikifunika kwa ua. Nilishona gauni lile bure. Wavu halisi tulinunua baadaye, na fedha zilitoka mfuko uleule unaoujua.

Nikiwa bado nina majonzi ya shela, nyigu wakajenga juu ya mlango wa choo. Siyo vijidudu tu. Nyigu wenyewe, wenye kiuno chembamba na hasira. Nikachukua ufagio na kijinga cha moto. Injinia akanisimamisha njiani.

"Shemeji, hao ni askari wetu. Wanabeba viwavi kutoka kwenye kabeji, wanapeleka kulisha watoto wao. Wachunguze."

Nilichunguza, kwa mbali, na ni kweli: nyigu alitua kwenye jani, akamkamata kiwavi, akamfinyanga donge, akaruka naye kuelekea chooni. Usiku huo wakati wa chakula Injinia akatupa darasa. Alisema miaka ya 1970 alitua Afrika mdudu mweupe wa unga kutoka Amerika ya Kusini, akaanza kumaliza mihogo kuanzia Kongo, na watu walikuwa wanaangalia njaa machoni. Wataalamu wakarudi alikotoka mdudu kumtafutia adui, wakampata Paraguay, kijinyigu kidogo kinachotaga ndani ya mwili wa yule mdudu. Mswisi mmoja, Hans Herren, akiwa na taasisi ya IITA pale Ibadan, Nigeria, akasimamia kuwazalisha na kuwaachia nchi baada ya nchi, bila tone la sumu, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Mwami, ambaye huuamini muhogo kuliko serikali yoyote, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hicho kijinyigu kinauma?"

"Hakiumi mtu, mama. Ni kidogo mno."

"Na hawa wa chooni?"

Injinia akasema ukiinama hawakuoni. Azimio likapita kwamba kiota kisiguswe. Mpaka leo choo changu, nilichochimba mwenyewe, naingia nimeinama na kutoka nimeinama, na ukituona asubuhi utasema ni nyumba ya wacha Mungu. Mzee Mzinga peke yake ndiye anayeingia wima.

Siyo kwamba kila mdudu alipata hifadhi. Kwenye mahindi, wale viwavijeshi vamizi waliovuka kutoka Amerika, wakaonekana Afrika 2016 na hapa Tanzania 2017, tuliwapiga kwa majivu. Unatia majivu makavu ndani ya kile kikombe cha majani juu ya mhindi alikojificha kiwavi, mapema akiwa mdogo. Ila majivu ya nyumba hii yalikuwa yamekwisha kugawiwa: Mwami huchanganya na maharage yasitobolewe, Meneja husugulia sufuria, na mimi nikabaki napita kwa majirani na debe naomba majivu, watu wakidhani nimepewa masharti na mganga. Hakimu naye alifungua mahakama bustanini. Injinia alitaka kuponda kidudu cheusi chenye madoa ya njano, kinachotambaa kama mamba mdogo, na Hakimu akamwekea mkono. Akasema kiachwe kwenye jani la vidukari tuone. Kilikula vidukari mbele yetu mmoja baada ya mwingine, na siku zilivyokwenda kikajigeuza kikawa kile kidude chekundu cha mviringo chenye vidoa vyeusi. Injinia ndiye anayetakiwa kuwa mtaalamu, kumbuka.

Kati ya mistari ya kabeji Meneja alipanda vitunguu, ili harufu yake impoteze yule nondo. Mama mmoja Mrundi ndiye aliyemfundisha sokoni, zamani za kambi, na ni mpango mzuri kabisa, kasoro kwamba ulinzi wenyewe unaliwa. Kila jioni Mwami alikuwa aking'oa askari wawili watatu kwa ajili ya dagaa. Ilipofika katikati ya msimu kabeji zilikuwa zimesimama peke yake zikimngoja adui.

Na bata? Nilikuahidi bata. Mwami aliagiza bata kutoka Heru, wakaja juu ya basi ndani ya tenga, kazi yao kula konokono. Walikula konokono, sikatai, kwa bidii, wakawamaliza. Bata mwenye njaa akiangalia spinachi haoni mpaka. Nilipolalamika Mwami akasema wanaonja tu. Tuta zima la spinachi limeonjwa.

Sasa nyanya. Kwenye nyanya tuna kantangaze, naye ni mtu wa safari ndefu: kwao Amerika ya Kusini, akaingia Hispania 2006, akashuka taratibu mpaka Tanzania mwaka 2014. Ubaya wake ni kwamba kiwavi wake hukaa katikati ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha huingia ndani ya tunda. Pilipili ya Injinia inapita juu yake naye yuko chumbani. Unachoweza ni kung'oa majani yaliyochorwa na kuyafukia, na kumwinda mama yake, yule nondo, ambaye hutembea usiku na hupenda mwanga. Kwa hiyo taa ya sola ya sebuleni, taa pekee tuliyo nayo, ikahamishiwa bustanini, ikaning'inizwa juu ya beseni la maji ya sabuni. Nondo anakuja kwenye mwanga, anaangukia majini, sabuni inamzamisha. Sisi tukarudi kwenye kibatari. Hakimu alifanyia hesabu bustanini, kwa sababu wadudu walikuwa na mwanga kuliko wanafunzi.

Mtego ulifanya kazi. Kila asubuhi beseni lilikuwa na nondo, na Injinia alianza kutembea mikono mgongoni. Kisha ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu, ile inayofanya udongo wetu mwekundu unukie, na jioni yake kumbikumbi wakatoka ardhini. Huku kwetu taa zinazoning'inia nje usiku si nyingi. Kumbikumbi wote wa Mtendeli waliona taa moja.

Mwami alitoka ndani kwa kasi ambayo sikuwa najua anayo. Alimwaga maji ya sabuni, akasuuza beseni, akaweka maji safi, akapaza sauti ya kuita majirani, kwa maana mtu wa Buha hali kumbikumbi peke yake. Wakaja na ndoo, wakaja na masufuria, wakaja na vitenge, mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni na chungu kichwani. Bata wakaja. Kiwavi alikuwa katikati anakamata na kula palepale, mabawa yamemjaa mashavuni. Nilisimama kwenye tuta la mchicha nikipunga mikono, "Jamani mchicha! Jamani mchicha!" na kila aliyepita alinijibu kwa heshima, "Pole, fundi," akakanyaga.

Usiku ule walikaangwa na chumvi. Nilisema sili. Harufu ikanifuata kibarazani, ikanifuata chumbani, na Meneja akaniletea kwenye kisahani bila neno. Asubuhi bustani ilikuwa sawasawa na uwanja wa mpira, na nyanya zilikuwa zimesimama, nzima, nyekundu. Kantangaze hakuwa ameelewa kilichotokea.

Mwisho wa yote Mwami alitoa silaha yake, ambayo alikuwa nayo tangu mwanzo na hakuisema kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Utupa. Ule mmea wenye majani ya kijivu laini unaopandwa ukingoni mwa mashamba. Unatwanga majani mabichi, unaloweka usiku, unachuja kwa kitambaa, unatia sabuni kidogo ishike kwenye jani, unapulizia jioni, kwa kuwa jua huua nguvu yake na nyuki wa Mzee Mzinga wanakuwa wamelala. Ni asili, ndiyo, lakini usidhani ni chai. Samaki ukiwatilia kwenye maji wanaelea, na uvuvi huo sheria inaukataza. Kwa hiyo ndoo ya utupa haisuuzwi mtoni, haikai jikoni, na kinu chake ni kingine, ambacho Mwami alinichongesha makusudi. Hakimu aliandika SUMU kwenye dumu na kuchora fuvu. Lile fuvu linafanana na mimi, kila mtu amesema.

Anayebeba bomba ni mimi. Mwami anatembea nyuma yangu na fimbo akionyesha, chini ya jani, mkwe, chini ya jani, siyo juu. Viwavi wamepungua sana, kabeji zimefunga, nyanya tunauza. Jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye bustani yake imetobolewa yote, alikuja juzi kuuliza siri ni nini. Meneja alimweleza kila kitu kwa mpangilio. Mwami akaongeza kwamba kazi ya kupulizia inataka mtu mwenye uzoefu, na kwamba mkwe wake yupo tu, hana kazi. Jumamosi nakwenda. Malipo ni jogoo, na jogoo tulimla jana.